Joseph Lister, daktari aliyefanya uzi na bandeji vipigane na viini

Ingia katika kemisti yoyote mjini Thika, iwe katikati ya mji au kule Makongeni, na kwenye rafu moja huenda ukaiona chupa ya dawa ya kusukutua mdomo iitwayo Listerine. Wengi wanaijua kwa jinsi inavyowasha ulimi. Wachache wanajua kwamba jina hilo limetokana na jina la mtu. Mtu huyo ni Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza. Na wala si yeye aliyeitengeneza dawa hiyo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 na mtu mwingine, ambaye aliipa jina la Lister kwa sababu sifa za daktari huyo zilikuwa tayari zimevuma.

Kazi ya Lister mwenyewe iko kwenye rafu nyingine: ile ya bandeji, shashi na nyuzi za kushonea vidonda. Kabla yake, bandeji ilikuwa kitambaa tu na uzi ulikuwa uzi tu. Lister ndiye aliyefanya kazi ya zaidi ya miaka ishirini akitafuta njia ya kuvitia dawa vitu vyenyewe vinavyogusa kidonda, ili kitambaa kifunike na wakati huo huo kiue viini, na uzi ufunge mshipa bila kuleta usaha. Siku hizi wanasayansi wana jina la vifaa vya namna hiyo. Wanaviita vifaa mseto: vitu viwili au zaidi vimeunganishwa, kimoja kikishikilia mwili, kingine kikiwaua bakteria.

Kama unakaa Ruiru, Juja au Thika, hadithi hii inakuhusu kuliko unavyodhani. Unaijua Thika Road. Unajua jinsi boda boda zinavyokata kona kuingia kwenye barabara za kando, na huenda unamjua mtu aliyewahi kuvunjika mguu hapo. Sasa sikiliza. Kuvunjika mguu kuna aina mbili. Aina ya kwanza, mfupa unavunjika ndani lakini ngozi inabaki nzima. Unafungwa plasta, unatembea na magongo, basi. Aina ya pili, mfupa unatoboa ngozi na kutokeza nje. Hapo vumbi, mchanga wa barabarani na viini vina mlango wa kuingilia. Katika miaka ya Lister, tofauti kati ya aina hizo mbili mara nyingi ilikuwa tofauti kati ya kupona na kufa.

Alizaliwa Aprili 5, 1827 mahali panapoitwa Upton, katika jimbo la Essex. Enzi hizo palikuwa kijiji, lakini leo pamemezwa na jiji la London, vile Ruiru inavyokaribia kumezwa na Nairobi. Baba yake, Joseph Jackson Lister, alikuwa mfanyabiashara wa divai. Hakusoma chuo kikuu, ila jioni akitoka kazini alikaa na vioo vya hadubini akivichunguza. Hadubini za wakati huo zilikuwa na kasoro: ukitazama kitu kidogo, kilionekana na ukungu wa rangi pembeni. Mzee huyu alipata namna ya kupanga vioo hivyo mpaka picha ikawa safi. Mwaka 1832 wanasayansi wakubwa wa nchi yake walimkubali katika chama chao, Royal Society, licha ya kwamba alikuwa muuza divai.

Kwa hiyo kijana Joseph alilelewa katika nyumba ambayo kutazama vitu vidogo lilikuwa jambo la kawaida. Kumbuka hilo, kwa sababu litamfaa baadaye, wakati madaktari wengi walipokuwa wakikataa kabisa kwamba kitu kisichoonekana kwa macho kinaweza kumuua mtu.

Familia yao ilikuwa ya dhehebu la Quaker, wale ambao hapa Kenya tunawajua kama Friends, wenye mizizi yao kule Kaimosi. Watu wa dhehebu hilo hawakuweza kupata digrii Oxford wala Cambridge, hivyo Joseph akaenda University College, London, chuo kisichouliza mtu dini yake. Alipata digrii ya kwanza mwaka 1847. Lakini mambo hayakuwa laini. Aliugua ndui, kisha akalemewa na msongo wa mawazo hadi akaacha masomo kwa muda akaenda kupumzika. Alirudi, akaanza udaktari, akahitimu mwaka 1852. Kama nawe umewahi kuona wenzako wakitangulia huku wewe umekwama nyumbani, hapo una mwenzako.

Mwaka 1853 alisafiri hadi Edinburgh, Uskoti, kumtazama akifanya kazi mpasuaji mashuhuri aliyeitwa James Syme. Ziara ilikuwa ya muda mfupi. Akabaki. Akawa msaidizi wa Syme, na mnamo Aprili 1856 akamwoa binti yake, Agnes. Kwa kuwa Agnes hakuwa wa dhehebu lake, Lister aliwaacha Quaker akajiunga na kanisa la mkewe. Fungate yao ilikuwa ya ajabu kidogo: walizunguka Ulaya, na sehemu kubwa ya safari wakatembelea hospitali. Maisha yao yote Agnes alikuwa mshirika wake katika maabara ya nyumbani. Daftari za majaribio ya Lister zimejaa mwandiko wa Agnes, kwa saa nyingi alizokaa akiandika huku mumewe akieleza. Hawakujaliwa watoto.

Mwaka 1860 Lister aliteuliwa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka uliofuata akapewa wodi katika hospitali kuu ya mji huo. Glasgow ilikuwa mji wa viwanda, wenye mashine, magari ya farasi na msongamano wa watu. Majeruhi waliletwa kila siku.

Hebu jaribu kuwaza wodi ya wakati huo. Dawa ya usingizi ilikuwa imeingia Uingereza tangu mwaka 1846, kwa hiyo mgonjwa hakusikia tena uchungu wa kisu, na wapasuaji wakawa na muda wa kufanya upasuaji mkubwa zaidi. Lakini daktari alivaa koti kuukuu lililokauka damu za wagonjwa wa jana na juzi. Kisu kilipanguswa tu. Sifongo moja ilisafisha kidonda cha huyu kisha cha yule. Usaha ulionekana kuwa jambo la kawaida, tena kuna aina ya usaha ambayo madaktari waliisifu wakidhani ni dalili ya kupona. Harufu ya vidonda vinavyooza ilijaa wodini, na wataalamu wengi waliamini kwamba harufu yenyewe, yaani hewa mbaya, ndiyo iliyoleta maradhi. Kwa hiyo walifungua madirisha. Hawakunawa mikono.

Lister alikerwa na swali moja. Kama ni hewa inayoozesha, mbona mtu aliyevunjika mfupa bila ngozi kupasuka anapona vizuri katika wodi ile ile, anapumua hewa ile ile, huku jirani yake wa kitanda cha pili, ambaye mfupa wake umetokeza, anaoza?

Jibu alilipata mwaka 1865. Mwenzake wa chuo, profesa wa kemia Thomas Anderson, alimweleza habari za Mfaransa Louis Pasteur, aliyekuwa akionyesha kwamba divai na maziwa huchacha kwa sababu ya viumbe hai wadogo sana, na kwamba viumbe hao hawajizui tu kutoka hewani. Mtoto wa muuza divai na mtengeneza hadubini alielewa mara moja. Kama viumbe hao ndio wanaochachisha divai, kwa nini wasiwe ndio wanaoozesha nyama ya mtu?

Pasteur alikuwa na njia tatu za kuwaondoa: kuchemsha, kuchuja, au kutumia kemikali. Mguu wa mgonjwa huwezi kuuchemsha, wala huwezi kuuchuja. Ikabaki kemikali. Lister alikuwa amesikia kwamba katika mji wa Carlisle, asidi ya kaboliki, inayotokana na lami ya makaa ya mawe, ilimwagwa kwenye maji taka. Uvundo ulipungua, na ng'ombe waliolisha kwenye mashamba yanayomwagiwa maji hayo wakaacha kuugua. Akaitafuta.

Jaribio lake la kwanza, mnamo Machi 1865, halikufaulu. Hakukata tamaa. Agosti 12 mwaka huo, mvulana wa miaka 11 aitwaye James Greenlees aliletwa hospitalini. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limempita juu ya mguu wa kushoto, mfupa umevunjika na ngozi imepasuka. Kwa kawaida ya siku hizo, mguu kama huo ulikatwa mapema kabla haujaanza kuoza.

Lister hakuukata. Alikisafisha kidonda kwa asidi ya kaboliki, akakifunika kwa kitambaa kilicholowa asidi hiyo hiyo, akaweka juu yake karatasi nyembamba ya madini ya bati ili dawa isikauke haraka, kisha akaunyoosha mguu na kuufunga usitikisike. Akangoja siku nne. Alipofungua, hapakuwa na usaha. Lakini ngozi pembeni ilikuwa imekuwa nyekundu, na haikuwa kwa ajili ya viini: ni asidi yenyewe iliyokuwa ikiunguza. Akaizimua kwa maji, akaendelea. Baada ya wiki sita hivi mifupa ikashikana. Mvulana akaondoka na miguu yake miwili.

Hapo ndipo penye kiini cha maisha ya Lister, kwa hiyo tusipite haraka. Kaboliki inaua bakteria, sawa. Lakini inaunguza nyama pia. Ukiiweka kali, unamuumiza mgonjwa. Ukiizimua sana, bakteria wanarudi. Tena inakauka: leo ipo, kesho haipo. Kwa hiyo swali likabadilika. Badala ya kuuliza ni dawa gani inaua viini, akaanza kuuliza ni kitu gani kinaweza kuibeba dawa hiyo, kuishikilia pale kidondani, na kuiachilia polepole bila kuunguza.

Akaanza kuchanganya. Kwanza alitengeneza kitu kama ile pati ya mafundi wa vioo: chaki ya unga, mafuta ya mbegu za kitani na kaboliki, vikakandwa pamoja kama unga wa chapati na kutandazwa juu ya kidonda. Mafuta yaliishikilia asidi isitoke yote mara moja. Baadaye akaichanganya na gundi ya laki ikawa plasta. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1870, akatengeneza shashi iliyotiwa kaboliki, utomvu wa mti na nta. Utomvu uliikamata dawa, nta ikazuia kitambaa kisigande kidondani. Kila kitu kilikuwa na kazi yake. Kitambaa kilifunika, nta ikalainisha, utomvu ukawa ghala, na kaboliki ikapigana.

Ukifika kwenye uzi, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mpasuaji akikata mshipa wa damu lazima aufunge. Enzi hizo alitumia uzi wa hariri au wa kitani, na ncha zake ndefu ziliachwa zikining'inia nje ya kidonda ili baadaye zivutwe. Uzi huo ulikuwa kama ngazi ya viini kuingilia. Lister alitaka uzi ambao ungefungwa, ukakatwa mfupi, na kuachwa mwilini milele. Mwishoni mwa mwaka 1868 alimfunga ndama mshipa wa shingoni kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo na kulowekwa katika kaboliki. Baada ya mwezi mmoja alipochunguza, uzi haukuwepo tena kama uzi. Mwili ulikuwa umeula na kujaza pahala pake kwa nyama hai. Leo nyuzi zinazoyeyuka zenyewe baada ya mama kujifungua kwa upasuaji ni wajukuu wa uzi huo.

Mwaka 1867 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha habari za wagonjwa wake 11 waliovunjika mifupa ya kutokeza nje. Mmoja alifariki, wengi waliobaki walipona. Miaka mitatu baadaye alitoa hesabu ya waliokatwa viungo katika wodi yake. Kabla ya kaboliki, kati ya wagonjwa 35, waliokufa walikuwa 16. Baada ya kaboliki, kati ya 40, waliokufa walikuwa 6.

Utadhani hapo dunia ilisimama kumshangilia. Wapi! Wengine walisema kaboliki haikuwa mpya, kwamba Mfaransa mmoja alikuwa ameshaitumia, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wengine walicheka habari ya vijidudu visivyoonekana. Wengine walijaribu njia yake nusu nusu, wakamwaga asidi kidogo kisha wakatia kidole kichafu kidondani, na mgonjwa alipooza wakasema njia haifanyi kazi. Wajerumani ndio waliomwelewa mapema, na alipozuru nchi yao mwaka 1875 alipokewa kwa shangwe. London ndiyo iliyochelewa.

Ila usije ukafikiri kwamba usafi wa kidonda ulivumbuliwa Ulaya peke yake. Mwaka 1879, Mskoti Lister akiwa ameshahamia London, kijana aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alipita Bunyoro, katika nchi tunayoiita leo Uganda. Mahali panapoitwa Kahura alishuhudia mpasuaji wa huko akimtoa mtoto tumboni mwa mama kwa kisu. Mpasuaji aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi. Mama mwenyewe alinyweshwa pombe hiyo hiyo ili atulie. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Kidonda kilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyozungushiwa uzi wa gamba la mti, kikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, kikafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto, na juu yake kitambaa cha mbugu. Mama na mtoto waliishi, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Felkin alieleza kisa hicho Edinburgh mwaka 1884.

Samahani, nimemwita Lister Mskoti. Alikuwa Mwingereza aliyeishi Uskoti. Lakini tazama pale Kahura tena. Pombe ya kuua viini, chuma cha kushikilia, dawa ya mizizi, jani na mbugu juu yake. Watu wa Bunyoro hawakuwa wamesoma Lancet. Walikuwa wamefika huko kwa kutazama na kukumbuka, kizazi baada ya kizazi.

Turudi kwa Lister. Mwaka 1869 alikuwa amerudi Edinburgh kushika kiti cha baba mkwe wake. Mnamo Septemba 1871 aliitwa Balmoral kumpasua Malkia Victoria jipu la kwapani. Alitumia kipande cha mpira, alichokiloweka katika kaboliki, ili usaha utiririke nje. Pia alikuja na mashine yake mpya, iliyopuliza ukungu wa kaboliki hewani wakati wa upasuaji. Kwa miaka mingi wapasuaji walifanya kazi ndani ya ukungu huo, wakikohoa na ngozi za mikono zikiwachubuka, kwa imani kwamba hewa ndiyo inayoleta viini kidondani.

Mwaka 1877 alihamia King's College, London, penye wapinzani wake. Oktoba mwaka huo akafanya jambo ambalo wenzake waliona ni wazimu. Mgonjwa alikuwa amevunjika pia ya goti bila ngozi kupasuka. Lister alilifungua goti hilo kwa hiari yake, akavifunga vipande vya mfupa kwa waya wa madini ya fedha, akafunga tena. Angekosea, mtu huyo angepoteza mguu au uhai. Alipona. Sasa madaktari wakaona kwamba kumbe chuma kinaweza kuwekwa ndani ya mwili na kukaa salama. Kila mtu wa Thika au Ruiru aliyewahi kuwekewa chuma mguuni ananufaika na siku hiyo.

Na ile mashine ya ukungu? Kadiri miaka ilivyopita, ushahidi ulionyesha kwamba hatari kubwa ilitoka kwenye mikono, vyombo, nyuzi na vitambaa. Hewa ilichangia kidogo tu. Mwaka 1890, mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari mjini Berlin, Lister alieleza wazi kwamba ameiacha, na kwamba anajuta kuwahi kuipendekeza. Alikuwa na umri wa miaka 63 na jina kubwa. Angeweza kunyamaza. Shashi aliendelea kuibadilisha hadi uzeeni, akijaribu dawa nyingine zisizounguza kama kaboliki.

Tusimpake mafuta mengi. Mtu huyu ambaye daftari zake ziliandikwa na mkewe alipinga wanawake kusomea udaktari, na alikataa kuwafundisha wale waliojaribu kuingia chuoni Edinburgh. Macho yaliyoona mbali kwenye hadubini hayakuona hilo. Leo ukienda KMTC ya Thika au shule za udaktari na famasia za Mount Kenya University, utawakuta wasichana darasani, na hakuna anayeshangaa.

Pengine unajiuliza, si sasa tuna antibiotiki? Kwa nini tuhangaike na bandeji na vyuma vyenye dawa? Sababu ni mbili. Kwanza, bakteria wanapokaa juu ya chuma kilichowekwa mwilini hujijengea utando unaonata, kama ule unaouona ndani ya tangi la maji lisilosafishwa. Wakiwa chini ya utando huo, dawa inayoletwa na damu huwafikia kwa shida sana. Dawa ikiwa kwenye chuma chenyewe, inawazuia kabla hawajajenga. Pili, bakteria wengi wamekuwa sugu, hasa kwa sababu tunanunua antibiotiki kiholela na kuziacha katikati tukijisikia nafuu.

Ndiyo maana watafiti wamerudi kwenye swali lile lile la Lister. Tangu mwaka 1970 hivi, madaktari wa mifupa wamekuwa wakichanganya antibiotiki katika saruji inayoshikilia nyonga za bandia. Saruji inabeba uzito, dawa inatoka polepole. Vipo vitambaa vyenye chembe za fedha, kwa sababu chembe hizo hutoboa na kuvuruga mwili wa bakteria. Wagonjwa wa moto hupakwa krimu yenye fedha. Kuna kitosani, inayotokana na maganda ya kaa na kamba wa baharini, ambayo inazuia damu na kupambana na bakteria kwa pamoja. Na ugumu haujabadilika tangu mguu wa James Greenlees: fedha ikizidi inadhuru seli za mtu, ikipungua haisaidii.

Kazi hiyo inahitaji mtu wa kemia, mtu wa uhandisi na mtu wa tiba wakae meza moja. Sasa fikiria hapa kwetu. Katikati ya Ruiru na Thika, pale Juja, kuna JKUAT, chuo kinachofundisha kemia, uhandisi na famasia katika uwanja mmoja. Ukiwa kidato cha tatu na unaona kemia ni adhabu, kumbuka kwamba Lister alipata wazo lake kwa kuzungumza na mwalimu wa kemia.

Na hata kama hutawahi kuingia maabara, yapo ya kufanya leo. Ukimkuta mtu ameanguka na boda boda na mfupa umetokeza, usijaribu kuurudisha ndani. Usipake mchanga, sukari wala mafuta ya gari. Funika kidonda kwa kitambaa safi kabisa ulicho nacho, uzuie mguu usitikisike, na apelekwe hospitali upesi, iwe Ruiru au Thika Level 5, ili aanzishiwe dawa mapema na kuchomwa sindano ya pepopunda. Na akipewa antibiotiki, azimalize.

Agnes alifariki mwaka 1893 wakiwa likizoni Italia. Baada ya hapo Lister hakuwa mtu yule tena, ingawa heshima zilizidi kumwagika: aliongoza Royal Society kuanzia mwaka 1895 hadi 1900, na mwaka 1897 akapewa cheo cha ubwana mkubwa, daktari wa kwanza wa upasuaji nchini mwake kupewa heshima hiyo. Alifariki Februari 10, 1912, akiwa na miaka 84. Ibada ya mazishi ilifanyika Westminster Abbey, wanakozikwa wafalme, lakini yeye alikuwa ameacha maagizo asizikwe humo. Alilazwa katika makaburi ya kawaida ya Hampstead, kando ya Agnes.